Baada ya Semina, Nani Atabisha Hodi?

Jumatatu ya tarehe 29 Aprili 2024 ndiyo iliyokuwa siku ya kufungua shule kwa muhula wa pili nchini Kenya. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba ufunguzi umesogezwa mbele kwa wiki moja kwa sababu mvua zimezidi. Kijijini Kamuchiri, Mai Mahiu, watoto walikuwa wamelala. Kabla hakujapambazuka, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli upande wa Kijabe, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka, yalibomoa tuta na kuporomoka mteremkoni yakibeba mawe, miti, magari na nyumba za watu. Watu wasiopungua 45 walikufa, na hesabu ikaendelea kupanda kadiri matope yalivyofukuliwa.

Siku zilizofuata wakubwa walibishana kama lile lilikuwa bwawa au si bwawa. Shirika la Msalaba Mwekundu likafungua dawati la kutafuta waliopotea. Picha zikapigwa, ahadi zikatolewa, na wanasiasa wakateremka kwa helikopta. Swali ambalo halikupata nafasi kubwa ni hili: mtoto aliyetolewa matopeni akiwa hai, baba na mama hawajulikani walipo, usiku wa pili alilala kwa nani? Na wa tatu? Na leo, kelele zilipokwisha, anamwita nani mama?

Kila mkazi wa Mai Mahiu anajua jibu la swali la kwanza. Alilala kwa jirani, kwa shangazi, kwa muumini mwenzao wa kanisani. Hakuna aliyengoja karatasi. Ndivyo mji huu umeishi tangu watu walipoanza kuujaza.

Mai Mahiu uko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, pale ambapo barabara iliyochongwa na wafungwa Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia inamaliza kushuka na kugawanyika, moja kwenda Naivasha na nyingine Narok. Kikanisa chao kidogo bado kipo kando ya barabara, na madereva hukipita bila kukitazama. Malori yamelala hapa miaka mingi, na penye malori hapakosi lojing, nyama choma, kliniki ya kando ya barabara na wanawake waliokuja kutafuta riziki kutoka pembe zote za nchi. Ukimwi ulipopiga kambi kwenye barabara kuu za Afrika Mashariki, vituo kama hiki viliachiwa mayatima na nyanya zao. Halafu ikaja ghasia ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Waliofukuzwa Eldoret na kwingineko walichanga fedha, wakanunua vipande vya ardhi kwenye uwanda mkavu nje ya mji, wakapiga hema, na makazi yao yakajulikana kwa majina yanayojieleza: Vumilia, Jikaze. Waliokuwa watoto wachanga katika hema zile sasa ni vijana wenye vitambulisho.

Kwa hiyo mtu akisema Wakenya wanahitaji kufundishwa kupokea mtoto wa mwenzao, mkazi wa hapa ana haki ya kucheka. Kupokea wanajua. Wasichosaidiwa ni kinachofuata baada ya kupokea, na hapo ndipo sera yetu mpya ya watoto itakaposimama au kuanguka.

Sera yenyewe ni nzuri, tuseme ukweli. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inatambua njia kadhaa za kumlea mtoto aliyekosa uangalizi wa wazazi: kukaa na jamaa, kuwekwa kwa wazazi walezi, kulelewa kwa kafala katika nyumba ya Kiislamu, na kuasiliwa. Mwaka huohuo serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto, wa 2022 hadi 2032, ambao lengo lake ni kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia, zao au za wengine. Kabla ya hapo, mwaka 2014, palikuwa na mwongozo wa taifa kuhusu malezi mbadala, nao ulisema wazi kwamba anayetaka kuwa mzazi mlezi achunguzwe, aandaliwe na afuatiliwe. Novemba 2017 usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa. Watoto waliokuwa wakiishi katika makao hayo nchini wakati mkakati unaandikwa walikadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, na Nakuru, kaunti ambamo Mai Mahiu imo, ni miongoni mwa kaunti zenye makao mengi.

Ukisafiri kutoka Mai Mahiu hadi Nakuru mjini utayaona mabango yao. Mengi yalianzishwa na watu wenye moyo safi, baadhi na watu wenye hesabu zao. Mfadhili wa ng'ambo hupenda jengo, kwa sababu jengo lina ukuta wa kubandikia jina na watoto 60 wa kuimba akija. Mama mmoja wa Kamuchiri aliyemchukua mtoto mmoja hana ukuta wa kubandikia jina la mtu. Sisemi hivyo kwa kejeli tu. Fedha zimefuata majengo kwa miongo mingi, na sasa tunataka watoto waondoke kwenye majengo bila kuuliza kama fedha nazo zitaondoka pamoja nao.

Mzazi mlezi si mzazi wa kuasili, na tofauti hiyo huwachanganya hata watu waliosoma. Anayeasili anakuwa mzazi kamili kwa amri ya mahakama, na mtoto anakuwa wake daima. Mzazi mlezi anamkaribisha mtoto kwa muda huku afisa wa watoto akiendelea kumtafutia jamaa zake, au mama akimaliza kifungo, au baba akipona. Anampa kila kitu ambacho mzazi angetoa, akijua kwamba kazi ikienda vizuri kabisa, mtoto ataondoka. Sijui kazi nyingine ambayo kufaulu kwake kunauma hivyo. Anayeingia nayo bila kuambiwa hili mapema ataumia, na atamuumiza mtoto akiwa anajaribu kumng'ang'ania.

Njia rasmi inaanzia ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, ambayo kwa wakazi wa Mai Mahiu iko Naivasha. Unatuma maombi, unatoa kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa wapelelezi wa polisi, na majina ya watu wanaokufahamu. Afisa anakuja nyumbani kuona mnalala wapi, maji mnachota wapi, nani mwingine anaishi hapo. Chifu anaulizwa, na mzee wa Nyumba Kumi anaulizwa. Dini ya mtoto na alikotoka huangaliwa, maana sheria haitaki mtoto apoteze na hilo juu ya yote aliyopoteza. Katika mji ambao nusu ya historia yake ni watu kufukuzana kwa sababu ya kabila, kipengele hicho si cha kupitia haraka. Mtoto wa Kikalenjin anaweza kulelewa vizuri sana na nyumba ya Wakikuyu; wapo waliolelewa. Lakini anayemlea lazima ajue cha kumjibu siku atakaporudi kutoka shuleni akiuliza kwa nini jina lake halifanani na la wenzake.

Baada ya hapo huja mafunzo, na mafunzo ya aina hii tunayajua sote. Ukumbi wa kanisa au hoteli ya kando ya barabara. Sala ya kufungua. Hotuba ya mgeni wa heshima ambaye amechelewa. Karatasi kubwa ukutani iliyoandikwa kwa kalamu nene: haki za mtoto, wajibu wa mzazi. Chai ya saa nne, chakula cha mchana, nauli, picha ya pamoja. Jioni mtu ana cheti, na kwenye ripoti ya shirika panaandikwa kwamba wazazi walezi kadhaa wamejengewa uwezo.

Sipuuzi semina. Haki za mtoto ni lazima zisemwe, tena kwa sauti. Lakini nikipewa nafasi ya kupanga kile kinachofundishwa, ningeanza na chakula kilichofichwa chini ya godoro.

Tuchukue mtoto wa miaka saba. Hatuna haja ya kumtaja jina; wako wengi. Amewahi kukaa siku bila kula, au amekaa kwenye makao ambako asiyewahi mezani hukosa. Analetwa kwako, unampikia ugali na sukuma, unampa kipande cha nyama Jumapili. Wiki ya pili unatandika kitanda na kukuta chapati nne zenye ukungu chini ya godoro. Mzazi ambaye hakuandaliwa anaona mwizi. Anaona fedheha: majirani watasema simlishi. Anachukua fimbo. Mzazi aliyeandaliwa anajua kwamba kichwa cha mtoto huyu bado kinaishi kwenye njaa, na kwamba dawa yake ni kikapu kidogo chenye ndizi au maandazi ambacho ni chake, anachoweza kukifikia saa yoyote bila kuomba, hadi mwili wake wenyewe uamini kwamba kesho pia kutakuwa na chakula. Huchukua miezi. Hakuna hotuba itakayoharakisha.

Fimbo yenyewe inahitaji siku nzima ya mafunzo, na mwalimu asiyeogopa ubishi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Watoto inasema vivyo hivyo. Lakini wazazi wengi wa Mai Mahiu, kama wa Kenya nzima, walilelewa kwa kiboko na wanaamini kiliwanyoosha. Ukiwaambia sheria imekataza watatikisa kichwa, wasaini, waende zao. Cha maana ni kuwaonyesha mtoto aliyepigwa na kila mtu mzima aliyewahi kumfahamu. Kwake kiboko si adhabu; ni uthibitisho kwamba wewe nawe ni kama wale. Atakuchokoza umpige, ili ajue mapema atakayokutana nayo. Ukikataa kumpiga atazidisha, na hapo ndipo mzazi mlezi anapochoka na kumrudisha mtoto kwa afisa. Kila kurudishwa kunamfundisha mtoto somo ambalo familia inayofuata italazimika kulifuta.

Kuna mengine. Kukojoa kitandani akiwa na miaka 10, katika nyumba ambayo maji yananunuliwa kwa mtungi. Mtoto anayemkumbatia kila mgeni, jambo ambalo watu husifu, wakidhani ana upendo mwingi, kumbe hajapata mtu mmoja wa kumshika. Msichana anayenyamaza kila mwanamume akiingia sebuleni. Mtoto aliyeokoka mafuriko ambaye mvua ikianza kupiga mabati hatalala, na Mai Mahiu mvua za masika hazimwulizi mtu. Na watoto wa nyumba wenyewe, ambao hawakuomba ndugu mpya, wanaogawana naye kitanda, daftari na mapenzi ya mama. Mara nyingi huwa wao ndio wa kwanza kuvunja mpango mzima, na huwa hakuna aliyewaalika kwenye semina.

Halafu mama mzazi. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi mlezi atalisikia neno hilo likisemwa nyuma yake sokoni. Ila anayelea mtoto wa muda hana budi kuufahamu uchungu huo wa mwingine. Mama anaweza kuwa amefungwa Naivasha, au anauza pombe haramu, au ni msichana wa shule. Siku ya kutembelewa anachelewa saa tatu, analeta peremende na ahadi ambazo hatatimiza, anaondoka, na usiku mtoto anavunja vyombo. Mzazi mlezi asiyeandaliwa atamsema vibaya yule mama mbele ya mtoto. Hataelewa kwa nini mtoto, badala ya kumshukuru, anamchukia. Mtoto akisikia mama yake ni takataka, anaelewa kwamba na yeye ni takataka.

Haya si maneno ya hisia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifanya kazi mjini Bucharest, Romania, nchi ambayo utawala wa Ceauşescu uliiachia makao yaliyofurika watoto na karibu hakuna malezi ya kifamilia ya kulinganisha nayo. Walichukua watoto 136 wa umri wa miezi 6 hadi 31 kutoka makao hayo, wakapiga kura: nusu wakawekwa kwa wazazi walezi, nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Waliopelekwa kwenye familia walikua na akili na uwezo wa kushikamana na watu zaidi kuliko wenzao, na waliotoka mapema, kabla ya kufikisha karibu miaka miwili, ndio waliofaidi zaidi. Matokeo hayo hunukuliwa kila mahali, hata Nairobi, na ndiyo mojawapo ya nguzo za hoja ya kufunga makao. Lakini kuna kitu wanukuzi hukiruka. Wale wazazi walezi wa Bucharest, familia 56, hawakuachwa na cheti. Walilipwa posho, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliwatembelea na kuwapigia simu mara kwa mara. Watafiti waliwapima watoto waliolelewa na watu waliotegemezwa. Kuchukua matokeo na kuacha kilichoyaleta ni kujidanganya.

Hata hatuna haja ya kwenda Ulaya. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, tangu wavulana wa Sudan walipoingia mwaka 1992 bila wazazi, mashirika ya wakimbizi yamewaweka watoto wa namna hiyo kwa familia za walezi na katika makundi ya wenzao. Rwanda nako, hesabu ya 2012 ilikuta watoto 3,323 katika makao 33. Serikali ikaanzisha mpango wa Tubarerere Mu Muryango, ikawapa wazazi walezi jina la heshima la Malayika Murinzi, na kubwa zaidi, ikaweka wafanyakazi wa ustawi wa jamii na wanasaikolojia wilayani, kisha ikaongeza marafiki wa familia, Inshuti z'Umuryango, wawili kila kijiji, mwanamke na mwanamume. Rwanda ina matatizo yake na serikali yake hupenda kujisifu. Lakini hesabu ya wawili kwa kijiji ni ya mtu aliyejiuliza nani atabisha hodi baada ya semina.

Sisi tuna nini? Tuna maafisa wa watoto ambao kila mmoja ana eneo kubwa kuliko miguu yake. Afisa wa Naivasha anashughulika na mji wa Naivasha wenyewe, na mashamba ya maua yenye maelfu ya wafanyakazi vijana, na kesi za mahakamani, na watoto wa mitaani, na uwanda wote hadi kwenye mipaka ya Narok na Kajiado. Pikipiki ikikosa mafuta, ziara haipo. Tuna wahudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto, watu wema wanaojua kila kichochoro, na ambao hatuwalipi. Tuna chifu, ambaye ana mikutano. Tuna kanisa, ambalo mara nyingi ndilo la kwanza kufika na la mwisho kuulizwa maoni. Na tuna Shirika la Ustawi wa Watoto la Kenya, lililoanzishwa 1955 wakati Hali ya Hatari ilipokuwa imetawanya familia za nchi hii, lenye kumbukumbu ndefu ya kazi hii kuliko ofisi nyingi za serikali.

Machi 2020 tulipata jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Korona ilipoingia, makao yaliamriwa kuwarudisha watoto kwa jamaa zao, na maelfu walirudi ndani ya siku chache. Shosho aliletewa wajukuu watatu na begi moja. Hakuna aliyekuwa amemwandaa, hakuna aliyempa ratiba ya kutembelewa, na soko lilikuwa limefungwa. Baadhi ya familia zilishikamana kwa namna iliyowashangaza hata wataalamu, nyingine zilishindwa. Hilo lingetosha kutufundisha kwamba kumtoa mtoto kwenye makao ni kazi ya wiki na kumkalisha kwenye familia ni kazi ya miaka. Bado bajeti zetu zinapangwa kinyume chake.

Kuhusu fedha watu huona aibu kusema, kwa hiyo ngoja nizungumze bila aibu. Mzazi mlezi Kenya halipwi mshahara. Wapo wanaosema ndivyo inavyopaswa, kwamba ukilipa utavuta wenye tamaa. Hoja hiyo ina uzito mdogo tu. Mwenye tamaa huzuiwa kwa uchunguzi na ziara za ghafla. Njaa haimchagui mwenye moyo safi. Mpango wa Inua Jamii huwapa kaya maskini zinazolea mayatima shilingi 2,000 kwa mwezi, na fedha hizo huchelewa. Shilingi 2,000 ukigawanya kwa siku 30 hupati hata 70 kwa siku. Nunua unga, ulipe sare ya shule, uende na mtoto kliniki Naivasha na kurudi kwa matatu, kisha uniambie tamaa iko wapi. Mzazi mlezi anayetakiwa kumpeleka mtoto kwa mshauri nasaha kila wiki apewe nauli ya kila wiki. Jambo dogo hivyo ndilo huamua kama ushauri nasaha utakuwepo au la.

Karatasi nazo zinaua watu kimyakimya. Mtoto wa mafuriko hana cheti cha kuzaliwa; kilikwenda na nyumba. Bila cheti kuna tabu shuleni, kuna tabu ya kumwandikisha kama mtegemezi katika bima ya afya, kuna tabu ya mtihani akifika darasa la mtihani. Mzazi mlezi anaambiwa nenda kule, kule anaambiwa rudi huku. Hakuna mafunzo yatakayomsaidia kama hapatakuwa na mtu mmoja ofisini ambaye kazi yake ni kushika faili hilo hadi mwisho. Ningefurahi zaidi kusikia kaunti ndogo imepewa karani mmoja wa kazi hiyo kuliko kusikia imepata ukumbi mpya wa semina.

Kisha lipo kundi ambalo sera inalisifu na kulisahau papo hapo, nalo ni jamaa. Idadi kubwa ya watoto wa Kenya wasiokaa na wazazi wao wako kwa nyanya, shangazi, kaka wakubwa. Hawa hawaombi kuwa wazazi walezi, hawachunguzwi, hawaandaliwi, na kwa kuwa ni damu moja tunadhani hawahitaji. Shosho wa Mai Mahiu mwenye miaka 70 anayelea wajukuu wanne wa binti yake aliyekufa ana matatizo yaleyale ya chapati chini ya godoro, na zaidi ana goti bovu na kiburi cha kutoomba. Mafunzo yakianza mjini hapa yaanze naye. Yafanywe karibu na nyumbani kwake, kwa Kiswahili na Kikuyu na Kimaasai, siku isiyo ya soko. Yasiwe ya siku moja. Yawe ya kikundi kinachokutana kila wiki mbili, kama chama cha akina mama kinavyokutana, ambapo mtu anaweza kusema mbele ya wenzake kwamba jana alitaka kumpiga mtoto na hakujua afanye nini. Utaratibu wa chama tunao, na una nguvu kuliko kitabu chochote cha mafunzo. Kinachokosekana ni mtaalamu mmoja wa kukaa humo, na mtu wa kupokea simu usiku.

Nimewasikia maafisa wakisema kwamba kuajiri watu wa kutosha ni ghali. Ni ghali kweli. Kumlea mtoto kwenye makao nako ni ghali, ila bili hiyo hulipwa na wafadhili na kwa hiyo hatuioni. Vijana waliokulia kwenye makao, wakiwamo wale wa chama chao cha KESCA, wamekuwa wakieleza miaka yote hii kinachotokea mtu akitoka getini na miaka 18 bila hata mtu mmoja wa kumpigia simu Krismasi. Gharama hiyo haiandikwi popote.

Mafuriko yatarudi. Miteremko ya Kijabe imekatwa miti, mikondo ya maji inaziba, na mvua zimekuwa kali. Yakirudi, watoto watalala kwa jirani tena, na jirani atawapokea. Ofisi ya watoto ya Naivasha ingeweza kuwa na orodha ya nyumba 30 za Mai Mahiu zilizokwisha kuchunguzwa na kuandaliwa, zinazotembelewa, zenye simu ya mtu mmoja anayejibu, kabla ya masika ijayo. Hilo halihitaji sheria mpya. Sheria ipo tangu 2022. Linahitaji mshahara wa wafanyakazi wachache na mafuta ya pikipiki.

Wewe unayesoma, kama umewahi kufikiria kumpokea mtoto, nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako, au umwone chifu akuelekeze. Ukiona mtoto aliye hatarini piga 116, ni bure, saa zote. Ukiulizwa kama uko tayari kuhudhuria mafunzo, kubali. Kisha nawe uwaulize: baada ya mafunzo, ni nani atakayekuja nyumbani kwangu, na atakuja lini? Wakishindwa kukutajia jina, mwandikie mwakilishi wa wadi yako na mbunge wako, utaje swali lenyewe.